Msimu wa Kupauka

7 Oktoba

Shemasi amedanganya tena.

Niandike, nisije nikasahau hasira hizi zilianza lini. Kila tunapopima fangasi wa mgonjwa ili tujue dawa gani inamuua, tunapima pembeni yake fangasi mwingine ambaye tabia yake inajulikana tangu zamani. Huyo nimempa jina la Shemasi, kwa sababu kazi yake ni moja tu, kutoa jibu lilelile kila wiki. Akitoa jibu jingine, basi kuna kitu tumekiharibu sisi, ama dawa tumeichanganya vibaya ama vijimbegu tulivyovimimina vimezidi, na sahani zote za siku ile zinatupwa. Leo Shemasi ameota hadi kwenye vishimo vya sahani ambamo dawa ilipaswa kummaliza. Kazi ya wiki nzima imeingia kwenye pipa la takataka hatari.

Nilimwomba Filip tuangalie upya, labda kasoro ni ya kishimo kimoja. Filip ndiye mwenzangu katika chumba cha fangasi, Mswidi mrefu asiyepandisha sauti hata siku moja. Akasema, "Kesho tunaanza upya," kisha akaenda kunywa kahawa. Nilitamani kumnyang'anya kile kikombe.

Nimerudi nyumbani Hallonbergen nikamkuta mama anajikuna mbele ya televisheni. Choa kimemshika mikono yote miwili, toka viganjani hadi viwikoni, na sasa kimemzunguka kiuno. Vidonge alivyopewa amevimeza kiangazi kizima na havikufanya kitu. Daktari wa ngozi anataka akwanguliwe magamba, yaoteshwe maabara, fangasi apimwe kwa dawa mbalimbali. Maabara yenyewe ni yetu.

Mama ana haraka yake. Mdogo wangu Denise atajifungua Januari, mjukuu wa kwanza katika familia yetu, na mkunga amemwambia wazi kwamba mtoto mchanga asiguswe na mikono yenye choa. Jioni mama akaniambia, "Mimi nilizaa batoto batano, nilibaogesha bote na mikono hii. Leo banasema mikono yangu ni mibaya."

9 Oktoba

Nimempaka mama mafuta mgongoni asubuhi, mahali ambapo mkono wake haufiki, kisha nikamsindikiza kliniki ya ngozi mjini. Aling'aa. Amekwanguliwa.

10 Oktoba

Bahasha yake imefika. Sheria hairuhusu nimguse ndugu yangu kwa njia yoyote, si sampuli wala faili. Nikimtafuta kwenye kompyuta, jina langu linabaki humo na ninaweza kupoteza kazi. Nimemwambia Filip kwamba mama yangu yumo kwenye bahasha za leo. Akaitikia kwa kichwa, akazichukua zote.

15 Oktoba

Mvua. Shemasi amesema kweli.

22 Oktoba

Nimegombana na Filip, kama mtu anaweza kugombana na ukuta.

Sahani za kuoteshea zinakaa kwenye kabati la joto wiki hadi nne, na mwezi huu nyingi zinatoka tupu. Kwenye darubini nyuzi za fangasi tunaziona, yaani ugonjwa upo, lakini ukimpanda haoti. Na asiyeota hapimwi. Daktari anabaki kubahatisha dawa.

Leo nilikuwa nalalamika juu ya wauguzi, kwamba hawajui kukwangua, wanakwangua katikati badala ya ukingoni. Filip akasema bila hata kugeuka, "Sampuli za kutoka kwenu huwa zinakuja na mafuta."

Nikamuuliza kwetu wapi. Akasema huko kwenye vitongoji, Tumba, Fisksätra, huko. Nikamwambia mimi natoka Uvira na ninaishi Hallonbergen, na kama ana neno la kusema kuhusu usafi wa watu wa kwetu, alinyooshe. Akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema alikuwa anaongelea karatasi za sampuli tu.

Watu wa kwetu wanaoga mara mbili kwa siku. Wakati mwingine nashindwa kukaa nao chumba kimoja, watu hawa.

24 Oktoba

Bado simsemeshi Filip. Naye hasemi, kwa hiyo sijui kama ameona kwamba nimemnunia.

6 Novemba

Daktari amempigia mama. Nyuzi za fangasi zimeonekana, lakini hakuna kilichoota. Wanataka akwanguliwe upya.

Mama aliweka simu chini akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemuua fangasi wake. "Si wewe njo unafanya kazi kule? Munafanyaka nini siku yote?"

Nimekuwa nikijiuliza hilohilo tangu Oktoba.

12 Novemba

Sampuli ya pili. Mama ameamka mapema, ameoga, amejipaka hadi visigino, amevaa kitenge chake kizuri chini ya koti. Muuguzi alimuuliza kama ametumia dawa yoyote ya fangasi siku za karibuni. Nilikuwa nimekaa pale, nikamtafsiria. Mama akajibu hapana, na mimi nikamwambia muuguzi hapana.

Theluji ya kwanza, ikayeyuka kabla hatujafika nyumbani.

19 Novemba

Giza saa tisa alasiri. Denise anasema tumbo limeshuka. Ananiuliza kila siku, "Mama amepona?" Namwambia asubiri. Anasema mtoto hasubiri.

28 Novemba

Naandika, sijui kwa hasira au kwa aibu.

Asubuhi nilifungua bahasha ya mgonjwa mmoja, simjui, ni namba tu. Magamba huja yamefungwa kwenye kipande cha karatasi nyeusi. Karatasi hii ilikuwa na doa la mafuta, na magamba yalikuwa yamegandamana. Sikunusa, kunusa sampuli ni marufuku. Harufu ilikuja yenyewe, mchaichai na kitu kitamu kama biskuti. Nikasimama na kibanio mkononi. Ni harufu ya bafu letu. Ni harufu ya mama akitoka chumbani Jumapili.

Jioni nilikwenda moja kwa moja bafuni nikatoa lile kopo kubwa la mafuta. Halina karatasi ya kiwanda. Limeandikwa kwa kalamu, PEAU DOUCE, yaani ngozi laini, na moyo mdogo umechorwa chini. Nikaenda nalo jikoni.

"Mama, haya mafuta yametoka wapi?"

"Kwa Mama Vainqueur. Kanisani, kule Tumba. Bote tunanunuaka kwake."

"Anaweka nini ndani?"

"Mafuta. Glycérine. Ile ya kutuliza kujikuna."

"Ipi hiyo ya kutuliza?"

"Tube, Aurore. Anatoaka Kampala. Anachanganya ndani. Ni mazuri, nikipakaa choa kinanyamaza."

Nikampigia Mama Vainqueur palepale. Akanisomea tyubu bila kusita. Kulikuwa na aina mbili. Moja ni dawa ya fangasi. Nyingine ni ile kali ya kuzuia muwasho, ambayo inaituliza ngozi kwa juu huku choa kikitambaa kwa raha zake chini.

Nikakaa kwenye kiti. Fangasi anayekuja maabara akiwa ameloweshwa dawa hataota, hata ungempanda wapi. Dawa hiyo ni hafifu, haikutosha kumponya mama, ila imetosha kabisa kuziharibu sampuli zetu. Na ile nyingine ndiyo imekifikisha choa kiunoni.

"Mama, muuguzi alikuuliza kama umetumia dawa. Ukasema hapana."

"Njo ukweli. Ile haiko dawa. Iko mafuta."

"Lakini ina dawa ndani, na asubuhi ya kukwanguliwa ulijipaka."

Hapo mama alisimama. Sijamwona na uso ule tangu nikiwa mdogo. "Unataka niende kwa docteur na ngozi nyeupe? Aseme hawa bantu habaogi? Mama yangu alikuwa anatupakala mafuta hata siku ya kukimbia, Aurore. Mabomu inapiga, na sisi tunang'aa. Muntu hatoki nyumbani amepauka."

Nilifungua mdomo nimjibu kisomi. Kisha nikakumbuka tarehe tisa Oktoba. Nikarudi nyuma kwenye kurasa hizi nikasoma kwa macho yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyempaka mgongo hadi kiunoni. Nilikuwa na dawa kwenye viganja vyangu, mimi ninayelipwa mshahara kwa kupima dawa hizo, na wala sikulitazama lile kopo. Nilitaka mama yangu aonekane vizuri kwa daktari, basi.

Na Filip alikuwa anaongelea karatasi tu.

1 Desemba

Tumba, kanisani. Nilikwenda kumfokea Mama Vainqueur, nikamkuta anagawa chai. Nilipomweleza, aliweka birika chini taratibu.

"Binti yangu, hapa baridi inapasua ngozi. Bantu bakaanza kujikuna hata wakati wa sala. Nikabahurumia. Nilifikiri ninasaidia."

Nikamuuliza wangapi wanatumia. Akageuka akaangalia viti vyote, mstari kwa mstari. Hasira yangu ikakosa pa kutua. Amekubali kuacha kuuza, na baada ya ibada alisimama mwenyewe akawatangazia watu wasipake ile, waende kwa daktari. Sauti yake ilikuwa inakatika. Wapo waliomcheka. Mama hakumcheka, na hakumsalimia.

2 Desemba

Nimemweleza Filip kila kitu. Ilikuwa ngumu kuliko kuongea na mama.

Aliniuliza, "Mnapaka kila siku?"

"Kila siku. Wewe hupaki?"

"Midomo tu. Januari."

Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa: "Nilitaka kukuuliza kuhusu mafuta tangu Oktoba. Nilianza vibaya, halafu ukanifungia mlango." Ni kweli nilimfungia. Ni kweli pia kwamba alianza vibaya, na hilo nimemwambia.

Tumekubaliana kuwaandikia madaktari. Wasimuulize mgonjwa kama ametumia dawa. Wamuulize anapaka nini. Na ngozi ifutwe kwa spiriti kabla ya kukwanguliwa, hata ile inayoonekana safi.

5 Desemba

Daktari amesema sampuli ya pili ya mama haijaota. Tulijua. Ya tatu ni tarehe kumi na tisa, na kabla ya hapo kopo lile lisiguswe kabisa. Nimemwambia anaweza kupaka mafuta ya mgando ya kawaida miguuni na usoni, mikono tu aiache. Akasema hapana, yeye nusu nusu haiwezi. Akianza kupaka, mkono wake utaendelea wenyewe. Hatapaka kitu.

11 Desemba

Mama amepauka. Joto la redieta linakausha kila kitu, na ngozi yake ina vumbi jeupe kwenye vifundo vya vidole, magotini, pembeni mwa midomo. Anajikuna vibaya zaidi maana ile dawa ya kutuliza haipo tena. Naogopa kumtazama, na ninajichukia kwa kuogopa.

13 Desemba

Hakutoka kwenda kuwaona watoto wa Lucia na mishumaa yao. Anaipenda sana sikukuu hii ya Lucia. Amesema kichwa kinauma.

15 Desemba

Kanisani hakwenda pia.

19 Desemba

Tumepanda metro asubuhi, mama na glavu, skafu hadi puani. Kwenye behewa letu wakaingia kina mama wawili wa kwaya. Nikaomba wasituone. Wakatuona.

Salamu za kwetu haziendi na glavu. Niliona mama anawaza, kisha akavua ya kulia, akanyoosha mkono wake mweupe uliopasukapasuka, na kushusha skafu ili awabusu. Wote wawili waliutazama ule mkono. Mmoja akauliza kwa upole kama tuna matatizo nyumbani. Mama akajibu, "Niko naenda kupimwa. Banataka ngozi bila kitu." Akavaa glavu yake taratibu, akatazama mbele hadi tulipofika.

Nilitaka kulia. Nilikaa pembeni yake na sikulia, kwa sababu yeye hakulia.

Muuguzi akamuuliza amepaka nini. Mama akainua mikono yote miwili, akasema kwa Kiswidi chake mwenyewe, bila kunisubiri, "Ingenting." Hakuna kitu.

Tulipotoka, alikaa kwenye viti vya kusubiria mbele ya watu wote, akatoa kikopo cha mafuta ya mgando kwenye mkoba wake, akajipaka uso, shingo na miguu polepole. Mikono aliiacha.

30 Desemba

Kuna sahani ya Filip kwenye kabati la joto, ya tatu kutoka juu. Imeota, nyeupe, ungaunga. Sikuuliza ni ya nani. Napita mbele ya lile kabati mara nyingi kuliko kazi inavyodai.

7 Januari

Filip ameandaa sahani za kupimia dawa. Wiki ijayo zinasomwa.

9 Januari

Denise amejifungua mapema. Msichana, Maya. Wazima wote wawili.

11 Januari

Fisksätra. Mama alivaa sweta lenye mikono mirefu, na alipofika tu kwa Denise akakaa kwenye kochi, akaikalia mikono yake. Kweli, aliiweka chini ya mapaja akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa. Akabaki hivyo saa nzima akimtazama Maya mikononi mwa Jonathan, shemeji yangu, ambaye anambeba mtoto kama anabeba trei ya glasi.

Walipomwogesha, mama alisimama mlangoni mwa bafu akielekeza. "Kichwa, Denise. Shika kichwa." Denise akajibu kwa ukali, "Mama, jag vet," najua, kisha akaanza kulia, na mtoto akalia, na mama akasogea hatua moja na kusimama. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kunyooka. Akairudisha nyuma, akaifunga mgongoni.

Kwenye treni aliikalia tena mikono yake.

14 Januari

Shemasi amedanganya.

Tangu katikati ya Oktoba alikuwa mkweli. Leo, kwenye dawa ya vidonge vingine, ambayo ndiyo tumaini la wagonjwa wasioponywa na vidonge vya zamani, ameota pale ambapo hakupaswa kuota. Sahani zote za seti ile hazina thamani, na ya tatu kutoka juu imo.

Nikamfuata Filip. Nilimwambia ninajua siruhusiwi, lakini hata kwa mbali ninaona kwamba vishimo vya dawa ya zamani vimejaa fangasi mwanzo hadi mwisho. Ampigie daktari sasa, amwambie hilo moja tu. Kuna mtoto ameshazaliwa.

"Siwezi," akasema.

"Unaweza. Hutaki."

Sauti yangu ilisikika hadi koridoni. Yeye hakupandisha yake. "Aurore, kama angekuwa mama wa mtu mwingine, ungeniambia nini?"

Ningemwambia tupa. Nimetupa za mama wa watu wengine na kwenda kula chakula cha mchana. Nilimchukia kwa swali lile, na nikashika pipa yeye akitupa.

21 Januari

Shemasi amesema kweli. Filip amesoma, mwenzetu wa chumba cha pili amesoma tena, wakafunga mlango wakapiga simu. Nimeosha meza ambayo ilikuwa safi.

22 Januari

Daktari amempigia mama. Vidonge vya zamani havimgusi fangasi huyu, hata kwa kipimo kikubwa kuliko vyote tulivyojaribu. Vile vingine vinamuua kwa kipimo kidogo. Anaanza leo.

Nilimwambia Filip asante. Akaniuliza ya nini, yeye hajui ninaongelea mgonjwa gani. Lakini alitabasamu.

Na jambo jingine, maana halinitoki kichwani. Kwenye zile sahani tulizotupa, dawa hii nayo ilionekana kama haifanyi kazi. Niliona kwa macho yangu. Filip angenisikiliza, daktari angeuliza hii nayo ikoje, na mama asingepewa.

4 Februari

Kiuno kimesafishika. Mikononi choa kinafifia.

11 Februari

Baridi kali. Sampuli mbili za Tumba zimeota. Fangasi wote wawili hawasikii dawa ya zamani, kama wa mama. Mama Vainqueur ndiye aliyewapeleka wagonjwa wenyewe kliniki, akisimama mlangoni kukagua kwamba wamepauka vya kutosha.

20 Februari

Daktari ameruhusu mama amguse mtoto. Vidonge bado anaendelea navyo, lakini ngozi ni safi.

22 Februari

Mama alipandisha mikono ya sweta tangu kwenye treni ya Fisksätra, nje barafu tupu. Watu walimtazama. Hakujali.

Wiki za kwanza zimempita, hazirudi. Denise sasa anajua kushika kichwa. Alijaza beseni mwenyewe, akapima maji kwa kiwiko, akamgeukia mama akasema, "Njoo, bibi yake." Mama akamwogesha Maya bila haraka, shingo, makwapa, katikati ya vidole, akiongea naye Kiswahili cha Uvira ambacho mimi mwenyewe sikukisikia kwa miaka. Maya hakulia. Mama alilia, na hakujifuta maana mikono ilikuwa na kazi.

Akamlaza juu ya taulo. Akachukua chupa ya mafuta ya mtoto pale mezani, akamimina kidogo kiganjani, akainama. Kisha akasimama. Akaninyooshea kile kiganja hadi chini ya pua yangu.

"Nusa kwanza," akasema.

Nikanusa. Yalikuwa mafuta matupu. Nikamwambia apake.